Sista Wembe Aliyeachana na Pasi

Jina la Sista Wembe hakupewa na wazazi. Alipewa na wanafunzi wa uuguzi, kwa minong'ono, na chanzo chake kilikuwa mikono ya gauni lake jeupe la kazi. Kila asubuhi aliingia wodini mstari wa pasi umesimama kutoka begani hadi kwenye pindo, umenyooka na mkali, hadi mwanafunzi mmoja akasema ukiupitia vibaya utashonwa nyuzi. Jina likaganda. Hata madaktari walilitumia, mradi mwenyewe awe mbali. Naye alilisikia, usidhani hakulisikia. Alijitia uziwi kwa sababu lilimpendeza.

"Mgonjwa anaiona nguo yako kabla hajauona ujuzi wako," aliwaambia wanafunzi. "Ukimwendea umekunjamana, atafikiri na dawa umeikoroga." Kisha anawapitia mmoja mmoja, kola kwa kola, na ole wake aliyelala na gauni.

Mimi nilimfahamu baada ya kustaafu, alipohamia ghorofa ya tatu ya jengo letu, mlango unaotazamana na wangu. Mumewe alikuwa ameshafariki. Mwanawe wa pekee alikuwa ameoa na anauza vipuri vya magari upande wa pili wa mji. Kwa hiyo alikuwa peke yake na vyumba viwili, jiko la kugeuka mtu mmoja, bafu, na roshani nyembamba inayotazama ukuta wa jengo la jirani. Kustaafu hakukumpunguzia makali. Alipiga pasi foronya. Alipiga pasi vitambaa vya kufutia vyombo. Nilimkuta siku moja anapiga pasi kamba za aproni, nikamuuliza kama na soksi zimo. Akanitazama kama mwanafunzi aliyechelewa zamu.

"Soksi nilianza nazo," akasema.

Kiharusi kilimkuta bafuni, anapiga mswaki. Mswaki ulimponyoka, akataka kuuokota, mkono ukakataa. Alijua mara moja kilichompata. Alijikokota sakafuni hadi nje, akaugonga mlango wangu kwa kiatu alichokishika mkono wa kushoto, na nilipofungua akaniambia kwa ulimi mzito, "Hospitali. Sasa hivi. Na usinipe maji." Yuko chini, mdomo umekwenda upande, na bado anatoa amri.

Alilazwa katika hospitali ile ile aliyoifanyia kazi, chini ya uangalizi wa muuguzi ambaye yeye mwenyewe alimfundisha kazi. Mdomo ulirudi mahali pake. Mguu nao ulirudi, ingawa kwa kuburuta kidogo. Mkono wa kulia haukurudi. Ulining'inia tu, vidole vimejikunja, ngozi imekufa ganzi kuanzia kiwikoni kushuka.

Mwanawe akamchukua nyumbani kwake. Huko hakunyimwa kitu, na hapo ndipo penye tatizo. Mkwewe alimfunga vifungo, alimfulia, alimpigia pasi, hata uji alimpulizia. Akitaka kusimama, watu wawili wanasimama kabla yake.

"Walinibeba kama yai," aliniambia baadaye. "Na yai, mwenzangu, likikaa sana linakuwa viza."

Siku moja mezani akatangaza kwamba anarudi kwake.

"Kwako wapi tena, Mama?" mwanawe akauliza. "Hapa ndipo kwako."

"Hapa ni kwako, mwanangu. Kwangu ni kule kwenye ngazi."

"Na ngazi hizo ndizo ninazoziogopa. Nani atakufulia? Nani atakupigia pasi? Mkono mmoja haulei mwana, Mama."

"Mwana nimeshamlea, huyu hapa ananibishia. Kilichobaki ni kufua."

Mkwe akacheka, akajiziba mdomo kwa kiganja. Mwana hakucheka. Walivutana siku kadhaa, na mwishowe akakubali kwa sharti kwamba mama akiumia, hata mara moja, atarudi bila mjadala. Sista Wembe alikubali upesi mno, kama mtu anayeahidi asichokusudia kukitimiza.

Kufua kwenyewe hakukumshinda. Aliweka beseni sakafuni bafuni, akaketi kwenye kigoda, akazikanyaga nguo kwa miguu kama anayekanyaga udongo wa kujengea. Tabu ilianza kwenye kukamua. Nguo haikamuliki kwa mkono mmoja. Ukiisokota huku, na kule inazunguka. Akaichukua blauzi, akaizungusha kwenye shingo ya bomba, akaivuta na kuisokota kwa mkono wa kushoto hadi ikawa kama kamba ya katani. Maji yalitoka, kweli. Lakini ilipokauka ilikuwa kama karatasi iliyookotwa kwenye kapu la taka.

Hilo halikumtisha, maana pasi ipo. Akatandika blanketi mezani, akachomeka pasi kwenye umeme, akaishika kwa kushoto. Mkono wa kulia akaulaza juu ya blauzi ili uizuie isiteleze, kama jiwe linalozuia karatasi. Alianza vizuri. Kola, bega, mgongo. Aliyatazama makunyanzi yakifutika, moyo ukamchangamka, akaanza hata kuimba kwa sauti ya chini, na macho yakamtoka kwenye kazi.

Harufu ndiyo iliyomwambia. Ngozi haikusema kitu. Alisikia harufu na akaitambua papo hapo, kwa kuwa alishawauguza wengi walioungua, na kwa muda kidogo akajiuliza ni mgonjwa gani, kabla hajatazama chini na kuona pasi imeegemea mkono wake mwenyewe.

Aliuweka mkono chini ya bomba, maji yakatiririka muda mrefu, kama alivyowafundisha wengine. Akajifunga bandeji kwa vidole vya kushoto na meno. Kisha akaketi kitandani. Aliniambia kwamba hapo ndipo alipolia kwa mara ya kwanza tangu augue. Hakulia kwa maumivu. Maumivu hayakuwapo, na hilo ndilo lililomliza.

Machozi yalipokauka akayapima mambo. Akiendelea na pasi ataungua tena, na safari nyingine huenda ikaungua nyumba nzima pamoja na sisi majirani. Akimwambia mwanawe, atarudishwa kuwa yai. Akimtafuta mtu wa kumpigia pasi, basi leo itakuwa pasi, kesho kufua, keshokutwa kupika, na mtondogoo atakuwa anavishwa. Akachomoa waya ukutani, akaisubiri pasi ipoe, akaja kugonga kwangu.

"Unayo pasi?"

"Ninayo, ya zamani."

"Chukua hii. Yako itupe."

"Na wewe je?"

"Mimi na yeye tumeachana. Lakini sikiliza nikwambie. Sitaonekana barabarani kama tambara la kudekia. Nguo zangu zitanyooka. Zitanyooka zenyewe."

Nilipokea pasi. Nilidhani ni hasira za siku moja.

Jambo la kwanza alilogundua lilimuudhi, kwa kuwa lilikuwa mbele ya pua yake maisha yake yote. Makunyanzi mengi hayaletwi na jua wala upepo. Tunayatia wenyewe, tunapoisokota nguo kwa nguvu zetu zote kisha tukaianika hivyo hivyo ilivyojiviringisha. Yeye sasa hakuweza kusokota. Vizuri, akasema, basi sisokoti.

Akaanza kuziacha nguo zichuruzike. Alitundika hanga kwenye kitasa cha mlango wa bafu, akaivisha blauzi iliyolowa chapachapa, bega moja kwanza, kisha jingine, akafunga kifungo cha juu kwa kidole gumba akisaidiwa na meno. Akaihamishia kwenye bomba la mvua. Hapo akaishika pindo na kuivuta chini, akapitisha kiganja juu ya kola, juu ya mfuko, kandokando ya mishono, taratibu, kama anayemlaza mtoto nywele. Uzito wa maji ukavuta yaliyobaki. Ilipopungua kutona, ndipo akaitoa roshani ipate upepo.

Nguo nzito zilitaka mbinu nyingine. Alitandaza taulo kavu sakafuni, akailaza sketi juu yake, akaviviringisha vyote pamoja kwa mguu, kisha akapanda juu, ameshika ukuta, akihamisha uzito kutoka kisigino hadi vidoleni. Taulo likanywa maji. Nilimkuta katika hali hiyo, nikasimama mlangoni nisijue kama niingie.

"Unafanya nini?"

"Nacheza dansi na sketi," akajibu, jasho linamtoka. "Tena inafuata hatua kuliko marehemu."

Lakini si yote yalikwenda sawa. Hanga ya waya iliacha kutu begani mwa blauzi nyeupe, na kutu hiyo haijatoka mpaka leo. Gauni moja liliteleza likatumbukia ndooni pamoja na maji machafu, akaanza upya. Nguo za pamba nzito zilizozoea kutiwa wanga ndizo zilizomtesa zaidi. Zilikauka zimepinda kama kadibodi iliyonyeshewa. Akazifua tena na tena kuutoa wanga, akazinyoosha, akazibembeleza, zikamgomea. Mwishowe akaamua kuzigawa. Miongoni mwazo yalikuwamo magauni mawili ya kazini aliyoyatunza tangu astaafu. Nilikuwapo alipoyakunja.

Ghorofa ya pili, chini yake kabisa, alikaa dereva wa teksi aliyefanya kazi usiku na kulala mchana. Nguo zilizoachwa kuchuruzika hazimalizi maji yote bafuni. Zilipofika roshani bado zilitona, na maji hayana heshima, huenda chini tu. Siku moja dereva akapanda ngazi, mguu mmoja umevaa kiatu, mwingine mtupu.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, baba. Mbona kiatu kimoja?"

"Cha pili hiki hapa." Akakiinamisha, maji yakamwagika mlangoni. "Nilikianika roshani. Sasa naweza kufugia samaki. Mama, humu ndani nguo hazikamuliwi?"

"Nizikamue na nini?"

Akaushika mkono wa kulia kwa ule wa kushoto, akauinua, akauachia. Ukaanguka kama mzigo. Dereva akauona mkono, akaiona na bandeji. Hasira zikamtoka kama pumzi kwenye mpira uliotoboka.

"Nisamehe, Mama. Sikujua. Basi tufanye hivi: nikirudi kazini asubuhi napitia hapa, nakukamulia zote mimi."

"Na za ndani?"

Dereva akakitazama kiatu chake.

"Nakushukuru, baba," Sista Wembe akasema, sauti imelegea kidogo. "Lakini watu wa kunifanyia ninao, tena wananifanyia mpaka nakosa pumzi. Kama nia yako ni njema, nisaidie kamba. Nguo niachie mimi."

Kamba ya roshani ilikuwa juu, na ili kuifikia ilimbidi apande stuli na ule mguu wake wa kuburuta. Dereva alikuwa mtu wa kupenda kufunguafungua vitu. Alikuja na ufito mrefu, kamba madhubuti na magurudumu mawili madogo ya chuma, akayakaza darini. Ufito ukawa unashuka hadi kifuani mwa mtu na kupanda hadi juu kwa kuvuta kamba moja, ambayo ikifika mwisho inazungushiwa kwenye ndoano ukutani. Chini yake akaweka bati lililokunjwa kama mfereji, linalopeleka matone kwenye ndoo. Sista Wembe alimsimamia mwanzo hadi mwisho. Alitaka ufito uchongwe vijino, kila hanga ikae mahali pake.

"Vya nini?" dereva akauliza, patasi mkononi.

"Zisigusane. Zikigusana hazikauki, na zikikauka zimekunjana. Ni kama wagonjwa, kila mmoja na kitanda chake."

Siku ya kwanza alipovuta kamba, nguo zote zikapanda kwa pamoja, taratibu, zikaenea roshani nzima. Dereva akapiga makofi. Sista Wembe akazungusha kamba kwenye ndoano, akageuka akamwambia, "Sasa nenda ukalale, macho yako mekundu."

Kisha mvua zikaanza, na mvua hazikuwa na huruma. Kila kitu kikawa na unyevu, hata kuta. Nguo zilikaa kwenye ufito zikageuka baridi bila kukauka, na zilipoingia kabatini zikaanza kunuka kama mbwa aliyenyeshewa. Asubuhi moja aliitoa blauzi aliyoipenda, akakuta madoa meusi ya ukungu yametapakaa kwapani. Alikuja kwangu nayo mkononi. Nilidhani amekuja kuomba pasi, nikaisogeza karibu. Kumbe amekuja kuomba feni.

Akabadili utaratibu wote. Lile lundo la mara moja kwa wiki akaliacha. Akawa anafua kidogo kila asubuhi, nguo anazoweza kuzipa nafasi. Alizitundika sebuleni kati ya dirisha na mlango, akafungua vyote viwili kabisa, akaiweka feni sakafuni, uso juu, ili hewa ipande kati ya nguo na nguo. Mifuko aliigeuza nje, kwa kuwa huko ndiko unyevu unakojificha. Nguo ikibakiwa na ubaridi kidogo tu aliishusha, akailaza mezani, akaipapasa kwa kiganja, akairudisha kwenye hanga imalizie. Foronya na vitambaa alivikunja vikiwa hivyo hivyo vinakaribia kukauka, akavitandaza kati ya mikeka miwili chini ya godoro.

"Siku hizi pasi naipiga nimelala," akaniambia.

Nilimtazama wiki hizo akitoka kwenda dukani. Hakuwa na ule mstari wa wembe. Lakini nguo yake ilimkaa, safi, imetulia mwilini, na usingejua kama hujaambiwa.

Mwanawe alikuja Jumapili moja asubuhi bila kupiga simu, yeye na mkewe. Mlango ulikuwa umerudishwa tu. Wakamkuta bafuni, mikono ya nguo ameikunja juu, na kovu liko wazi, pana, la rangi ya waridi, lina ncha kama pua ya pasi.

"Mama, nini hiki?"

"Kovu."

"La nini?"

"La pasi."

Akasimama palepale, maji yanapita chini ya viatu vyake. "Tulikubaliana, Mama."

"Tulikubaliana."

"Basi fungasha."

"Sifungashi."

Mkwe akamshika mumewe kiwiko. Sista Wembe akanyanyuka kutoka kwenye kigoda, akajifuta mkono kwenye nguo.

"Nilikuficha, hilo nakiri," akasema. "Na ungenikuta leo nimeshika pasi, ningekufuata bila neno. Lakini humu ndani pasi haimo. Tafuta."

Akatafuta kweli. Alifungua kabati, akachungulia jikoni, akainama chini ya kitanda. Alichokiona ni nguo zimening'inia kwa nafasi, zimenyooka, na alipoinua godoro akakuta foronya zimelala kama barua kwenye bahasha.

"Nani anakupigia?"

"Hakuna."

"Mama, usinifanye mtoto."

"Vua shati."

"Nini?"

"Shati hilo. Vua, ukae kwenye kigoda. Usiniguse, usinisaidie, hata kitu kikidondoka. Kaa."

Mwanaume mzima, mwenye duka na wafanyakazi, akavua shati, akaketi bafuni na fulana yake. Mama akalitia shati kwenye beseni, akalikanyaga, akalisuuza. Akatundika hanga kitasani. Bega la kwanza likaingia. La pili likateleza, hanga ikaanguka sakafuni kwa kishindo, na mwana akainuka.

"Kaa!"

Ilikuwa sauti ya wodini. Mkwe, aliyekuwa amesimama, naye aliketi, kwenye ukingo wa ndoo. Sista Wembe akaikanyaga hanga upande mmoja ikainuka upande wa pili, akainama akaidaka, akaanza upya. Ilichukua muda. Akafunga kifungo, akavuta pindo, akapapasa kola mbele na nyuma. Shati lilipoacha kutona akalipeleka roshani, akashusha ufito, akalitundika mahali pake, akavuta kamba.

Mkwe ndiye aliyeanza kusema. "Kwa hiyo, Mama, Jumamosi zangu zote ninazozimalizia kwenye pasi..."

"Sitaki kukuvunja moyo, mkwe wangu."

Mwana hakuwa akisikiliza. Alikuwa akiliangalia shati, kisha akaiangalia sakafu ya bafu.

"Siku ile nilipopigiwa simu," akasema, "nilifika nikakukuta umelala pale mlangoni, shuka la jirani juu yako, mdomo umepinda. Kila nikifumba macho nakuona pale. Wewe unadhani nakuonea. Mimi naogopa, Mama."

Sista Wembe hakutegemea hilo. Tangu augue alikuwa amepigana na mwanawe kama mfungwa anavyopigana na mlinzi wa gereza, na hakuwahi kufikiri kwamba mlinzi mwenyewe halali. Akamwendea, akaweka mkono wake mzima juu ya kichwa chake.

"Nilisahau kwamba siku ile na wewe uliugua," akasema. "Lakini siwezi kupona kwa ajili yako kwa kukaa kitako. Chukua ufunguo wa hapa. Kila asubuhi nitakupigia simu, na nikiumia nitakwambia, hata kama nimejikwaruza. Ila hapa sitoki."

Mwana alivuta pumzi muda mrefu. Hakusema ndiyo. Alisema, "Kila asubuhi, Mama. Kabla sijafungua duka." Shati halikuwa limekauka walipoondoka, kwa hiyo dereva wa chini akamwazima fulana yenye picha ya ndizi kifuani, na hivyo ndivyo alivyorudi nyumbani kwake.

Haukupita muda, yule muuguzi aliyemuuguza hospitalini akampigia. Wodini kulikuwa na wagonjwa wa kiharusi waliokata tamaa, wengine hata mazoezi walikuwa wakiyakataa. Je, Sista angekubali kuja kuzungumza nao? Akajibu kwamba atafikiria. Jioni hiyo alikuja kwangu akazunguka sebule nzima.

"Si mkono unaonitia aibu," akasema. "Mkono watu wanaelewa. Lakini niingie wodi ile bila mstari? Watasema Wembe umeota kutu."

"Waache waseme."

"Wewe hukuwahi kuwa mimi," akasema, na kesho yake akalifua gauni lake la kijivu.

Mwanawe ndiye aliyempeleka, nami nikafuatana nao. Alipoingia, wauguzi vijana ambao hawakuwahi kufanya kazi chini yake walijinyoosha, maana sifa hufika kabla ya mtu. Mzee msukuma machela, aliyemjua tangu enzi zile, akamtazama begani, akatabasamu.

"Sista, ule mstari umekwenda wapi?"

"Umestaafu," akasema, akapita.

Kitanda cha mwisho kilikuwa na kinyozi. Alikuwa kijana bado, na kiharusi kilikuwa kimemnyang'anya mkono wa kulia, ule wa mkasi. Alikuwa amegeukia ukutani, na wenzake wakasema huwa hageuki. Sista Wembe hakutoa hotuba. Aliomba shati lililolowa, hanga na kitasa cha mlango. Mara ya kwanza shati likamwanguka mbele ya watu wote. Mtu mmoja akacheka, akanyamaza haraka. Yeye akaliokota, akaanza tena, na nikaona kinyozi amegeuza shingo.

"Na mkono unarudi lini?" kinyozi akauliza kutoka kitandani.

"Wangu haujarudi. Wako sijui. Bado ni mapema, fanya kila zoezi unalopewa. Lakini usiukalie kitako kuungojea."

"Mimi ni kinyozi, Sista. Si dobi."

"Na mimi ni muuguzi. Inuka."

Nikadhani atarudi ukutani. Kisha akajisogeza, akashusha mguu mmoja, akausaidia wa pili. Walimletea kiti mbele ya mlango. Shati likamteleza, likateleza tena. Muuguzi mmoja kijana akapiga hatua kwenda kumsaidia, na Sista Wembe, bila kugeuka, akaunyoosha mkono wa kushoto ukamzuia kifuani.

"Mwache."

Mwanawe alikuwa amesimama kando yangu. Nilimwona akiingiza mikono mifukoni, kama mtu anayeifunga isifanye jambo.

Bega la kwanza likaingia. La pili likachelewa, likaingia. Kinyozi akahema, akarudisha kichwa nyuma, akaliangalia shati kwa jicho la mtu aliyezoea kunyoosha mstari wa nywele juu ya paji la uso wa mteja.

"Limekwenda upande," akasema.

"Limekwenda upande," Sista Wembe akakubali. "Lishushe, uanze tena."